Kigango Kina Wenyewe

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kimijikenda, Pwani ya Kenya, akiwa mbele ya vigango viwili: nguzo za mbao zilizochongwa kuwaenzi ndugu zake marehemu. Muda si mrefu vikaibwa.

Kimoja kilionekana baadaye katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois, Marekani. Cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka 2007 kigango cha kwanza kilirudi kwa familia, lakini mzee alikuwa ameshafariki.

Ni wangapi waliobahatika kupigwa picha na vigango vyao? Kimila, kigango kikishasimikwa hakiondolewi, sembuse kuuzwa. Kwa hiyo makumbusho yanayotaja jina la mfadhili tu, bila kueleza kigango kiling'olewa wapi na nani, yanaficha jambo zito. Makumbusho ya Denver yalipokea vigango 30 kama zawadi mwaka 1990, kisha yakakubali kuvirudisha.

Huku nyumbani nako kazi ipo. Kila kigango kilichosimama Kilifi na Kwale kipigwe picha sasa, na jina la ukoo, kijiji na mwaka viandikwe kabla wezi hawajafika.