SAFU YA NYUMBA NA JAMAA: Wazee Wetu na Nyumba Zilizobaki Tupu



Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo limekuwa likisemwa jikoni na kwenye simu, lakini halisemwi barazani. Watu waliokuja Uingereza wakiwa vijana, wakapata nyumba za vyumba vitatu na vinne, wakalea humo watoto watano na sita, leo wamebaki wawili, au mmoja. Watoto wameoa na kuolewa. Huyu yuko Leicester, yule Dubai, mwingine Toronto. Vyumba vya juu vimefungwa milango. Ngazi zilizokuwa zikipandwa mara ishirini kwa siku sasa hupandwa mara moja, tena kwa kushika ukuta. Je, mzee abaki hapo alipo, ahamie kwa mwanawe, au ahamie katika flati zilizojengwa kwa ajili ya wazee?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu lina haya ndani yake, na haya hiyo ina asili. Unguja sote tunazijua nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, zinazotunzwa na serikali, na tangu utoto tulifahamu kwamba anayekaa huko ni yule asiye na wa kumtunza. Lamu, binti akiolewa aghalabu hujengewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi wake, na nyumba za ndugu huunganishwa kwa wikio juu ya njia, ili mtu apite kwao bila ya kutoka nje. Mji wenyewe ulijengwa ili mzee asibaki peke yake. Basi mtu aliyelelewa na mawazo hayo akisikia maneno "nyumba ya wazee", husikia "kutupwa". Na mtoto naye huogopa watu watasema nini msikitini.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo kwetu huitwa kwa jina hilo moja. La kwanza ni makao ya matunzo, ambamo mtu hupewa chumba, hulishwa na huogeshwa kwa sababu hawezi tena kujifanyia. La pili ni flati za wazee zenye msimamizi. Huko mzee ana mlango wake, ufunguo wake, jiko lake na choo chake. Huingia mwenye umri wa miaka 55 au 60 na zaidi, kwa kadiri ya masharti ya mahali. Aghalabu pana lifti, ukumbi wa pamoja, na kamba ukutani ambayo mtu akiivuta hujibiwa kwa sauti papo hapo. La tatu ni flati kama hizo hizo, ila watunzaji huwapo usiku na mchana, na kila mmoja hupewa saa za matunzo kwa kadiri ya haja yake. Anayehamia katika namna ya pili hajatupwa na mtu. Amehama nyumba, kama alivyohama mara nyingi maishani mwake.

Sura ya Al-Israa imetufunza kwamba wazazi wakifikia uzee wasisikie kwetu hata neno la kuchoshwa nao. Amri hiyo ni ya ulimi, ya mikono na ya moyo, nayo hutimizwa au huvunjwa chini ya dari yoyote. Yuko mama anayekaa kwa mwanawe, na tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hasikii sauti ila ya televisheni, maana wenye nyumba wako kazini na wajukuu wako skuli. Hupika chakula asichokichagua, hujibana asiwe mzigo, na hujiona kuku mweupe katika nyumba ya mwanawe. Yuko pia mama aliye katika flati yake, ambaye binti hupita kila jioni, mjukuu humsomea barua za hospitali, na Ijumaa hupika yeye mwenyewe na kuwaita watu kula. Hatusemi kwamba flati ni bora kuliko nyumba ya mtoto. Tunasema kwamba wema hupimwa kwa kuja, kuuliza na kuhudumia, wala haupimwi kwa anwani.

Sasa tuje kwenye mambo ya sheria na fedha, ambayo ndiyo yanayowaumiza wengi kwa kutoulizwa mapema. Tunayoyataja ni ya Uingereza yenyewe, yaani England. Walioko Scotland na Wales waulize huko kwao, kwani baadhi ya kanuni ni mbali.

Wale waliopanga nyumba za halmashauri ya mji au za mashirika ya nyumba wasitishwe na maneno ya mitaani. Kanuni iliyoanza Aprili 2013, ya kupunguza msaada wa kodi kwa wenye chumba kisichotumika, haiwahusu waliofikia umri wa pensheni. Hakuna anayemlazimisha bibi kutoka kwa sababu hiyo. Lakini akitaka kutoka kwa hiari, halmashauri nyingi humpa kipaumbele, na baadhi humpa fedha za kuhamia, kwa kuwa nyumba kubwa zinatafutwa na wenye watoto. Pana jambo moja la hatari hapa. Ikiwa kijana wake angali anakaa humo, mkataba wa nyumba haumwendei yeye kwa sababu tu amezaliwa na kukulia humo. Mama akirudisha funguo, kijana huweza kubaki hana haki ya kukaa. Hata urithi wa mkataba baada ya kifo umewekewa mipaka: kwa kawaida hurithiwa mara moja tu, na katika mikataba ya halmashauri iliyoanza tangu Aprili 2012, haki ya kisheria imebaki kwa mume au mke, isipokuwa mkataba wenyewe umetaja wengine. Basi swali la kijana liulizwe kabla ya kutia saini, wala si baada yake.

Wenye nyumba zao wenyewe wana hesabu nyingine. Flati za wazee zinazouzwa huwa na ada ya huduma ya kila mwezi, na ada hiyo haikomi mwenyewe anapofariki. Huendelea mpaka flati iuzwe, na baadhi yake huchukua muda mrefu kuuzwa, tena kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa. Kwetu sisi hilo ni deni juu ya mirathi, na deni hutolewa kabla ya warithi kugawana. Baadhi ya mikataba hudai pia asilimia fulani ya bei siku ya kuuza. Kodi ya ardhi imeondolewa katika mikataba mipya ya flati za wazee tangu tarehe 1 Aprili 2023, lakini anayenunua flati ya mkono wa pili huweza kuikuta katika mkataba wa zamani. Mkataba usomwe wote na mwanasheria asiyetumwa na muuzaji.

Ijulikane pia kwamba nyumba unayokaa haihesabiwi unapoomba nyongeza ya pensheni ya wenye kipato kidogo; ikishauzwa na fedha zikakaa benki bila ya kununulia nyumba nyingine, fedha hizo huhesabiwa. Kwa msaada wa kodi ya nyumba, mwenye akiba ya zaidi ya pauni 16,000 kwa kawaida hapati, ila akiwa anapokea sehemu ya dhamana ya nyongeza ile. Kwa upande mwingine, posho ya matunzo ya waliopita umri wa pensheni haitazami akiba kabisa. Hutazama kama mtu anahitaji msaada wa kuoga, kuvaa au kuangaliwa. Wazee wetu wengi wanastahiki na hawakuomba, kwa kuona haya kuandika kwamba hawajiwezi. Waliokuja kwa viza isiyoruhusu misaada ya umma wapate ushauri kwanza, ili wasijiharibie makaratasi yao.

Hapa pana kosa linalozunguka katika majumba yetu. Watu huambizana: mwandikie mwanao nyumba, ikipita miaka saba hakuna wa kukugusa. Miaka saba ni kanuni ya kodi ya mirathi, nayo haifai kitu ikiwa mzazi aliyetoa angali anakaa katika nyumba hiyo bila ya kulipa kodi kamili. Katika gharama za makao ya matunzo hakuna miaka saba. Halmashauri ikiona kwamba mali ilitolewa kwa nia ya kukwepa gharama, huweza kuihesabu kana kwamba ingali mikononi mwa mzee, hata ikiwa muda mrefu umepita. Kiwango cha akiba ambacho mtu akikizidi hujilipia mwenyewe makao hayo ni pauni 23,250, nacho hakijapandishwa tangu 2010. Lakini nyumba haihesabiwi ikiwa mume au mke angali anakaa humo, au jamaa aliyefikia miaka 60.

Na siku ya kuhama ni siku njema ya kuandika wasia. Asiyeacha wasia hapa hugawiwa mali yake kwa sheria ya Kiingereza, wala si kwa mafungu tunayoyajua. Aliyeolewa kwa nikaha tu, hapa nchini, bila ya ndoa ya kiserikali, sheria hiyo haimtambui kuwa mjane. Wasia uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, na mashahidi hao wasiwe warithi, kwani anayeshuhudia hupoteza alichoandikiwa. Sisi tuna desturi ya kuwaita watoto washuhudie. Katika jambo hili tuwaite majirani.

Baada ya hesabu, nendeni mkaitazame flati yenyewe, tena pamoja na mzee, wala si kwa niaba yake. Tazameni bafu: pana maji ya kutosha ya kustanji, na mahali pa kutia udhu bila ya kuinua mguu juu ya beseni? Pimeni chumba: kitanda kikiwekwa, pamebaki pa kutandika mswala kuelekea kibla, au kiti kwa asiyeweza kusujudu? Ulizeni kuhusu udi na ubani, kwa maana king'ora cha moto hakijui tofauti ya chetezo na janga. Ulizeni wajukuu waruhusiwa kulala siku ngapi, na kama pana chumba cha wageni. Ulizeni kama chakula cha pamoja ni cha lazima na hulipiwa hata na asiyekila. Ulizeni mlango wa nje hufunguliwa vipi usiku, kwa anayerejea kutoka tarawehe. Hesabuni hatua za kwenda kituo cha basi, na vituo vya kwenda msikitini.

Ulizeni na hili ambalo watu huliona zito. Msimamizi awekewe katika jalada lake namba za simu za jamaa wawili na ya msikiti, pamoja na maelezo kwamba kwetu maiti huzikwa mapema. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo kisichopelekwa kwa hakimu wa vifo hupitiwa na daktari mkaguzi kabla ya cheti kutolewa. Familia inayojulikana na inayopatikana kwa simu hurahisisha kazi, isiyojulikana husubiri.

Mwisho ni vitu. Nyumba ya miaka thelathini huwa na kasha la njumu, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria za pilau la maulidi, mikeka, doti za khanga zisizofunguliwa, na misahafu ya kila aliyehitimu. Flati haitavipokea vyote. Msimwage mzee vitu vyake akiwa hospitali, kisha mkamwambia mmemsaidia. Mpeni miezi, chumba kimoja kwa wakati, na kila kitu akitoe kwa mkono wake na kwa jina la anayempa. Sufuria kubwa hufaa msikitini, zikaendelea kupikiwa. Misahafu iliyochakaa isitupwe. Imamu atawaelekeza namna ya kuizika. Makaratasi yasiguswe mpaka yasomwe: cheti cha nikaha, pasi za zamani, hati za shamba na nyumba za kwetu, na barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo watoto hawawezi kuzisoma. Mketisheni mzee, azisome kwa sauti, na mmoja wenu aandike.

Kabla ya yote hayo, pana ulizo moja ambalo halina budi kuulizwa na mwenyewe kujibu: mama, wewe wapenda nini? Tumekuta jamaa walioshauriana wiki nzima kwa simu, kutoka nchi tatu, na mwenyewe hakuulizwa. Akisema abaki, basi wekeni kitanda chini, vishikio ukutani na kengele shingoni, na mgawane siku za kumzuru. Akisema ahame, msimtie haya kwa ajili ya maneno ya watu, kwani watu hao hawatakuwapo usiku atakapoteleza kwenye ngazi. Na akisema aje kwenu, mpeni chumba chenye mlango na jiko lenye ruhusa.

Mwenye maswali katika haya ayaandike na kuyatia katika sanduku la jarida, bila ya jina akipenda, nasi tutayatafutia majibu kwa wajuzi. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na makazi yenye utulivu, na atuwafikishe kuwafanyia wema wangali hai.

Wabillahi tawfiq.