Mafigo na Vidonge vya Ukimwi

Tumeulizwa swali na msomaji wetu wa upande wa Hanang asiyetaka jina lake litajwe, nasi twaona ana haki: yasemwa kuwa vidonge vya Ukimwi vyala mafigo, je, viachwe? Jawabu yetu ni kuwa visiachwe. Sisi ni walimu wa chuo, wala si matabibu, lakini haya ni mambo yajulikanayo kwa madaktari, na mwenye nyumba yampasa ayajue kama ajuavyo bei ya mahindi mnadani.

Mafigo mawili aliyopewa binadamu huchuja, kwa mchana na usiku mmoja, maji yapatayo lita 150 na zaidi kutoka katika damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Uchafu mmoja unaotolewa huitwa kreatinini. Ukizidi katika damu huashiria kuwa huenda chujio limedhoofu. Na ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za mafigo yake, naye bado analima na kuchunga ng'ombe, hana habari. Miguu ikivimba, mara nyingi mambo yamekwisha kwenda mbali.

Basi ni nani adhuruye? Wa kwanza ni kirusi chenyewe, nacho huyaharibu mafigo kisipozuiwa. Kwa hiyo dawa hizi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, huyalinda mafigo ya wengi kuliko wanaodhurika. Lakini uvumi huo haukosi chembe ya kweli. Katika kidonge watumiacho wengi leo zimo dawa tatu, na mojawapo, tenofoviri, huweza kuumiza vijifereji vya figo kwa watu wachache, khasa wazee, waliokonda sana, na wenye kisukari au presha. Ikigundulika mapema daktari huibadilisha kwa nyingine, kama abakaviri, na mara nyingi figo hupata nafuu. Nyingine, dolutegraviri, hupandisha kreatinini kidogo pasipo kuliumiza figo. Hesabu ikipanda, basi, mwachieni daktari aisome.

Tuliogopalo sisi zaidi liko dukani. Mtu atoka shambani, mgongo wamuuma, anunua diklofenaki au ibuprofeni, ameza leo na kesho na mwezi mzima, tena achanganya na mitishamba isiyojulikana kipimo chake. Kisha lawama zote aitupia tenofoviri! Muuza dawa hakumwonya, kwani mteja aliona haya kumwambia yu katika dawa. Haya hiyo imetiwa na ndimi za majirani barazani, nao watakuja kuulizwa. Siri na ifichwe kwa jirani, lakini si kwa mwenye kukupa dawa.

Aendaye kliniki, iwe ni katika hospitali ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955 au katika zahanati iliyo karibu naye, na aulize: Mkojo wangu umepimwa protini? Kreatinini yangu ni ngapi? Presha yangu je? Kupima mkojo kwa kijikaratasi ni kazi ya dakika chache. Kusafishwa damu kwa mashine ni kwenda kila juma, mara mbili au tatu, kwa gharama iwezayo kuuza ng'ombe wa zizi zima. Na upandikizaji wa figo, uliofanywa Muhimbili kwa mara ya kwanza mwaka 2017, wahitaji mtu wa kutoa figo lake.

Limebaki la Ramadhani, ambalo tumeulizwa pia. Kidonge tulichokitaja humezwa mara moja kwa siku, hivyo huweza kumezwa usiku kwa shauri la daktari, na saumu ikafungwa. Ama yule ambaye mafigo yake yamekwisha dhoofika, kukaa bila maji kutwa nzima kwaweza kumdhuru, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara. Akila mchana nyumbani mwake asiulizwe na watoto wala wakwe kwa nini anakula. Naye amwone daktari katika mwezi wa Shaabani, asingoje mpaka kumi la kwanza limekwisha na midomo imemkauka.