Imani Si Koti

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi ni baba wa watoto, aliishi Uingereza kwa miaka kadhaa. Aliporudi likizo alikuja kunisalimu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniwekea mezani kitabu chembamba cha Peter Carroll kiitwacho Liber Null. "Usije ukanidhania nimekuwa mchawi, Mwalimu," akasema. "Hawa hawafanani na wengine. Hawana mungu wa kuabudu wala mafundisho ya kukariri. Wanajaribu tu, na kinachofaa wanakishika."

Nilikisoma chote. Haya ni majibu yangu kwake, na kwa kila anayedai kwamba huo uchawi wa vurugu, kama wenyewe wanavyouita, ni kitu cha pekee kisicho na undugu na elimu nyingine za siri zilizozuka Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Kwanza tutazame nasaba yake. Mwaka 1978, huko Yorkshire, Carroll alitoa Liber Null na mwenzake Ray Sherwin akatoa The Book of Results. Mwaka huo huo chama chao, Illuminates of Thanateros, kilitangazwa katika jarida la Sherwin lililoitwa The New Equinox. Hebu msomaji alitazame jina hilo. Aleister Crowley alianza kutoa jarida lake, The Equinox, mwaka 1909, na maandishi yake mengi aliyapa jina la Liber, neno la Kilatini lenye maana ya kitabu. Waliosema wameachana na mababu walitoka nyumbani wakiwa wamevaa kofia ya babu. Na Crowley naye hakuota kama uyoga: mwaka 1898 aliingia katika chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888.

Watanijibu kwamba mwalimu wao wa kweli si Crowley bali mchoraji Austin Osman Spare, aliyetoa The Book of Pleasure mwaka 1913. Sawa. Kwake ndiko walikotoa ufundi wao mkuu, wakaurahisisha: mtu huandika haja yake kwa sentensi moja, hufuta herufi zinazojirudia, huunganisha zilizobaki ziwe mchoro mmoja, huukazia mchoro huo akili hadi mawazo mengine yote yanyamaze, kisha huusahau. Lakini Spare aliwahi kuwa karibu na Crowley kabla hawajaachana, na watu wa Golden Dawn walikuwa wakiunda alama kutokana na herufi za majina wakati Spare angali mtoto. Ukiondoa maelezo, unabaki na vitu vile vile vitatu: nia, alama, na akili iliyotolewa katika hali yake ya kawaida. Hata kuhusu vyeo, walivyovikejeli kwa wengine, chama chao nacho kikawa na ngazi zake, na Sherwin akajitoa alipoona kinageuka kuwa kile kile walichokusudia kukikwepa.

Hata hivyo nisiwadhulumu. Lipo jambo moja walilolisema waziwazi kuliko waliowatangulia, nalo ni kwamba imani ni chombo tu. Leo mtu aweza kumwomba malaika, kesho mungu wa Misri ya kale, keshokutwa mtu wa hadithi ya kubuni, mradi aamini kwa muda wa tendo lenyewe, kisha aivue imani hiyo kama koti. Gerald Gardner, katika Witchcraft Today ya mwaka 1954, aliwaambia wasomaji kuwa anaeleza mabaki ya dini ya kale. Carroll hakuhitaji dai la namna hiyo. Hapo pana tofauti, na ninaikubali.

Lakini tofauti hiyo ndiyo ninayoipinga. Gardner alidai jambo, na kwa kuwa alidai, aliweza kupimwa. Mwanahistoria Ronald Hutton, katika The Triumph of the Moon cha mwaka 1999, alionyesha kuwa dini ile ni zao la karne ya 20. Asiyedai lolote utamsahihishia wapi? Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Jibu lililokosewa lina faida, kwa sababu mwanafunzi aweza kuonyeshwa alipokosea. Jibu linalobadilika kila mwalimu anapolikaribia halimfundishi mtu kitu.

Watasema wao hupimwa kwa matokeo. Ni kweli kwamba Carroll anamtaka anayeanza aweke daftari la kila siku, kama Crowley alivyotaka kabla yake. Lakini daftari linadai kukumbuka, na ule mchoro unadai kusahauliwa. Nilimwuliza kijana wangu kama umewahi kumfaa. Akasema ndiyo: alichora kwa ajili ya kupata kazi, na baada ya miezi mitatu akaipata. Nikamwuliza amechora mara ngapi kwa jumla, kwa haja zote.

"Sikumbuki, Mwalimu. Ndivyo inavyotakiwa, kusahau."

"Na barua za kuomba kazi uliandika ngapi?"

"Arobaini na moja," akajibu papo hapo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Imani ya kuazima pia haimsitiri mtu siku ya msiba, kwa kuwa anajua kwamba aliivaa kwa makusudi na kwamba ataivua. Simhukumu kijana huyu. Anayetafuta kazi ugenini hushika lolote lililo karibu. Kinachoniuma ni kwamba barua arobaini na moja aliziandika yeye, kwa mkono niliousimamia akiwa mwanafunzi, na shukrani akaupa mchoro.