Kericho na Namba Tatu za Mvua ya Mawe

Na Chepngeno Rono

Alhamisi jioni mvua ya mawe ilitupiga hapa Sigowet, Kericho, kwa dakika kumi hivi. Chai iliyokuwa tayari kuchumwa ikabaki imechanika, majani yananing'inia kama matambara. Jirani wa ng'ambo ya kijito hakupata hata jiwe moja.

Binti ya kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa na kazi ya Jiografia: Kericho hupata mvua ya mawe siku ngapi kwa mwaka? "Shangazi, nimepata namba tatu," akaniambia, simu mkononi. Tovuti moja ilisema 132, nyingine 113, ya tatu 50. Akachagua 132 kwa kuwa aliikuta na kwenye tovuti nyingine nyingi.

Hapo ndipo tunapoteleza. Tovuti kumi zilizonakili sentensi ileile, hadi koma, mimi nazihesabu shahidi mmoja. Ile 132 haikuwa na mwaka wala jina la aliyehesabu. Ingekuwa hivyo kila mwaka, tungepigwa zaidi ya siku moja katika kila tatu, na bonasi ya chai tungeisikia redioni tu. Namba 113 ilikuja na mwaka wake, 1965, mwaka wa rekodi; 50 ilielezwa kuwa wastani. Hizo mbili hazigombani. Tena, zilihesabiwa wapi? Mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba, muulize jirani yangu. Ukihesabu siku za mashamba yote kwa pamoja utapata nyingi kuliko za kituo kimoja cha hali ya hewa.

Tovuti moja ilidai wachumaji chai ndio wanaoleta mawe. Nilicheka, ingawa si uzushi mtupu. Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti kwamba chembe za majani makavu ya chai ya Kenya husaidia maji kuganda hata baridi ikiwa si kali sana. Kwamba miguu ya wachumaji ndiyo huzirusha hadi mawinguni, hiyo ni dhana. Tovuti ikafuta "huenda", wala haikutaja hewa yenye unyevu inayopanda huku kutoka Ziwa Victoria.

Walimu wa Sigowet, mtoto akiwaletea namba kutoka kwenye simu, mwulizeni mwaka na aliyepima kabla ya kumtilia alama ya vema.