Jina la programu: lishikike kwanza, maelezo yafuate

Kijana wa Goma, Bukavu ao Butembo anayeandika programu za ordinateri anaweza leo kutoa maktaba yake, na mtu wa Brazil ao wa Uhindi akaitumia kesho. Maktaba, katika ufundi huo, ni fungu la mistari ya programu iliyo tayari, ambalo mwenzako analiingiza katika kazi yake bila kuanza upya. Kabla ya kuitoa, lazima uipe jina. Wengi wanaona hilo ni jambo dogo. Mimi nasema si dogo.

Njia ni mbili. Kuna jina linaloeleza kazi, sawa vile left-pad, ni kusema kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Na kuna jina la kushikika tu, sawa vile Django, chombo cha kutengeneza tovuti kilichopewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Wanaotetea njia ya kwanza wana hoja: ukisoma jina, umeelewa kazi. Lakini linamweleza nani? Majina hayo karibu yote ni ya Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili, Mashi ao Kinande. Jina linalomfungulia mtu wa London mlango linaweza kuwa fumbo kwa mwanafunzi wa Uvira. Mbele ya neno Django, wote wawili wanaanza sawa.

Tena, majina ya kueleza yanafanana, na kufanana kunaleta wezi. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba mtu aliweka kwenye npm, ghala kubwa la maktaba za JavaScript, programu yenye jina crossenv. Ya kweli inaitwa cross-env. Aliyesahau kistari alichukua ya bandia, nayo ikatuma kwa mwizi mipangilio ya siri ya ordinateri yake, ambamo mara nyingi mna funguo na maneno ya siri. Jina la kushikika pia linaweza kuigwa, lakini anayekumbuka Django hajiulizi kama kuna kistari katikati.

Hata hivyo, jina fupi na tamu lina hatari yake: pengine lina mwenyewe. Mwaka 2016, mwandishi wa left-pad alikuwa pia na programu iliyoitwa kik. Kampuni ya Kik ililitaka jina hilo, na npm ikampa haki kampuni. Kwa hasira aliondoa kazi zake zote, zaidi ya 250. Left-pad, yenye mistari 11 tu, ilipotoweka, miradi mingi sana duniani ilikwama siku ileile. Ugomvi ulianzia kwenye jina.

Tufanye nini basi? Kiswahili kinatupa njia ambayo wengine hawana. Mwaka 2008, Wakenya walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya habari kutoka kwa wanainchi wakati wa fujo zilizofuata uchaguzi. Kwa mgeni, ni neno jipya lisilochanganyika na lingine. Kwetu, linaeleza kazi yenyewe. Joomla nayo, iliyozaliwa mwaka 2005, ilitoa jina lake kwenye neno letu jumla, likaandikwa kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza anaweza kulitamka. Wageni waliona thamani ya maneno yetu. Sisi tunangoja nini?

Lakini tusizidishe. Jina la kushikika ni la mlango wa nje. Ndani ya nyumba, kila chumba kiitwe kwa kazi yake. Tuseme hospitali ina programu, na sehemu inayohesabu dawa imeitwa Simba. Siku fundi aliyeiandika akihamia Kampala, nani atajua Simba inafanya nini? Hapo iandikwe hesabu_dawa, bila mashairi.

Kwa hiyo, kijana, chagua neno fupi la lugha yetu. Tafuta kwanza kwenye ghala na kwenye majina ya kampuni kama halijachukuliwa. Mwambie rafiki kwa telefone, uone kama ataliandika bila kukosea. Kisha, chini ya jina, weka sentensi moja ya Kifaransa na moja ya Kiingereza inayoeleza kazi. Jina litakumbukwa, sentensi itaeleza, na hakuna atakayepotea.