Mizani ya Nyanya Inakaguliwa, Bibi Je?

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu humu, na kuna waliodhani boom limekata mpaka hela ya vocha imenishinda. Boom limekata kweli, lakini siyo sababu. Nilikuwa nalala Tabata kwa baba mkubwa, nauguza, asubuhi nawahi vipindi, jioni narudi. Leo nimekaa kimbweta, wenzangu wanagombea madesa ya UE, mi nina hasira. Nisipoitoa hapa itanitokea kwenye chumba cha mtihani.

Kisa chenyewe. Mwezi wa nne bibi yangu mzaa baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakabaki mawili matatu. Akalazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa. Wote tuliouguza tunajua kuruhusiwa maana yake nini: unapewa mgonjwa, unapewa karatasi ya dawa, unaambiwa "mkamwangalie vizuri nyumbani." Vizuri vipi? Hapo hakuna anayefafanua.

Kikafanyika kikao cha ukoo. Swali lililojadiliwa saa nzima lilikuwa nani ana nafasi. Hakuna aliyeuliza nani anajua kazi. Macho yakaanza kunigeukia mimi, maana ndo msichana, na shangazi mmoja akasema ualimu haukimbii, si unaweza kuahirisha mwaka? Baba mkubwa akaniokoa. Akasema atalipa, akatafuta kampuni moja inayoleta "manesi wa nyumbani". Jina silitaji. Wakaleta binti mwenye sare nyeupe na faili la plastiki. Ukoo mzima ukashusha pumzi. Kila aliyepiga simu akajibiwa "bibi yuko kwenye mikono salama," na mimi nikarudi chuo na roho nyeupe kama hiyo sare.

Jumanne moja sikuwa na kipindi mchana, nikaenda Tabata bila kutoa taarifa. Binti alikuwa anafua. Nikamwamkia bibi, akanitazama, akaanza kupiga godoro kwa mkono wake mzima. Nikadhani anataka maji. Nikampa, akakataa, akaendelea kupiga. Wakati najiuliza nikachukua lile faili. Ndani kuna jedwali: ameogeshwa, amekula, amemeza dawa, amegeuzwa. Siku zote za wiki zimewekwa vema. Jumatatu vema, Jumanne vema... Jumatano vema, Alhamisi vema, Ijumaa vema. Jamani, ilikuwa Jumanne! Bibi yangu alishageuzwa siku ya Ijumaa ambayo haijafika.

Nikamwomba binti tumgeuze pamoja. Chini ya kiuno, kwenye mfupa, kulikuwa na kidonda ukubwa wa kizibo cha soda, na pembeni ngozi imeshaanza kuwa nyeusi. Ndicho alichokuwa anaonyesha. Mkaguzi pekee aliyekuwepo kwenye kile chumba alikuwa mgonjwa mwenyewe, na ripoti yake alikuwa anaiandika kwa kupiga godoro.

Nitasema ukweli, lile faili nililielewa haraka kwa sababu mimi mwenyewe ni mzoefu. Nani hapa Mlimani hajawahi kusainiwa mahudhurio na rafiki? Karatasi inasema tulikuwa Yombo, kumbe tumelala hosteli. Tofauti ni kwamba mimi nikisainiwa, anayekosa somo ni mimi. Bibi akisainiwa, anayeoza ni yeye.

Nilitaka kumfokea yule binti. Akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Siyo nesi. Amemaliza kidato cha nne, kampuni ikamfundisha siku tatu, ikampa sare, ikamwambia fomu iwe imejaa kila Ijumaa msimamizi akiipitia. Analala chumba kimoja na bibi, usiku anaamka peke yake, mchana anaongezewa kufua na kupika kwa ajili ya nyumba nzima kwa sababu "si yupo tu." Bibi ni mzito, binti ni mwembamba. Nani alimwonyesha namna ya kumgeuza mtu mzima peke yake bila kujivunja mgongo? Na kwenye hela anayolipa baba mkubwa, yeye anapata chini ya nusu. Kwa hiyo hasira yangu ikabidi ihame mlango. Huyu naye hakaguliwi na mtu kama yuko salama.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana nilikuwa BTP. Kipindi changu cha dakika 40 kilikaliwa na mhadhiri kiti cha nyuma na fomu mkononi. Akaangalia azimio la kazi, akaangalia andalio la somo, akaangalia hata mwandiko wangu ubaoni. Na hakuniamini kwa maneno yangu, alichukua daftari za wanafunzi akaona kama wameelewa kitu. Shule ina wadhibiti ubora wake. Muuza nyanya sokoni mizani yake inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Dawa anazomeza bibi zinasimamiwa na TMDA. Nesi wa kweli ana Baraza la Uuguzi na Ukunga linaloweza kumfutia leseni. Lakini mtu anayezimezesha dawa hizo mdomoni mwa bibi, akiwa hajasomea, hayumo kwenye daftari la baraza lolote. Tangu bibi aruhusiwe hospitali, hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyegonga geti la Tabata kuuliza analalaje. Nyanya zikipungua robo kilo kuna wa kumshtakia. Bibi akipungua nyama ya mgongo, je?

Najua mtakachosema. Nilishaambiwa sebuleni na baba mdogo: hayo ya kukagua nyumba za watu ni mambo ya kizungu, sisi tuna undugu. Haya. Undugu ulikuwepo siku zote hizo. Undugu ulipiga simu kila jioni. Undugu ulituma hela ya pampasi. Ila undugu haukufunua shuka! Upendo unaopimwa kwa M-Pesa hauwezi kuona kidonda. Mi sisemi watu hawampendi bibi. Nasema kupenda siyo kupima.

Na hao wazungu tusiwasingizie. Wabongo waliokwenda Uingereza kubeba boksi wameifanya sana kazi hii ya kutunza wazee, waulizeni. England wana chombo kinaitwa Care Quality Commission, kilianza kazi mwaka 2009, na kinakagua mpaka kampuni zinazopeleka wahudumu majumbani. Kinauliza mambo matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Inatolewa kwa utu? Inafuata mahitaji ya mtu? Inaongozwa vizuri? Halafu wanatoa daraja, la juu kabisa mpaka la kutofaa, na linatangazwa. Nimeyapenda maswali. Lakini Julai 2024 uchunguzi ulioagizwa na serikali yao ukakikuta chombo hichohicho kina kasoro kubwa: kuna watoa huduma waliokaa miaka bila kurudiwa, na wengine hawakuwahi kupewa daraja lolote. Kwa hiyo ofisi peke yake siyo dawa. Ofisi nayo inaweza kuweka vema za Ijumaa siku ya Jumanne.

Kwa maoni yangu ubora wa huduma ya nyumbani hausomwi kwenye faili, unasomwa kwenye mwili wa mgonjwa, na na mtu asiyelipwa na anayepimwa. Hilo tu. Kama mhadhiri wangu alivyofungua daftari za wanafunzi. Mfupa wa kiuno, visigino, mabega: ngozi ikoje? Asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe mara kwa mara, na kawaida inayofundishwa ni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Analishwa amekaa au amelazwa chali? Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa, chakula kikaenda kwenye mapafu. Dawa za presha zilizobaki kwenye pakiti zinalingana na siku? Njia ya chooni ina taa, sakafu haitelezi? Anayemhudumia amelala saa ngapi jana? Na mgonjwa mwenyewe akiulizwa, mhudumu akiwa ametoka nje, anasema nini, hata kama ni kwa mkono?

Hakuna swali hata moja hapo linalohitaji mashine. Na nani aulize? Wa kwanza ni sisi ndugu, tena bila kupiga simu kwanza. Wa pili ni hospitali iliyomruhusu: kabla ya kusaini, imwonyeshe mtu wa nyumbani jinsi ya kumgeuza na kumlisha, naye arudie mbele ya nesi. Sisi walimu tunaita marudio, hayagharimu kitu. Wa tatu ni serikali. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo watu 137,294 ndani ya miaka mitano. Vizuri sana. Ombi langu ni moja: akifika nyumba yenye mgonjwa wa kitandani asiishie sebuleni kunywa soda, aingie chumba cha nyuma. Na kampuni inayouza neno "nesi" ionyeshe leseni ya huyo nesi mlangoni. Haina? Basi iseme inaleta dada wa kazi, na sisi tujue tunachonunua.

Msidhani ni shida ya nyumba moja ya Tabata. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3.5 ya watu wenye miaka 60 na zaidi nchini. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Baba zenu na mama zenu wako njiani, na sisi tunaosoma hapa kwenye kimbweta tuko nyuma yao.

Bibi anaendelea. Nesi wa zahanati ya jirani anakuja kusafisha kidonda, na kinaziba polepole. Kampuni tumeachana nayo. Binti tumebaki naye, baba mkubwa anamlipa yeye mwenyewe hela yote, kufua nguo za nyumba kumefutwa, na usiku tunapokezana. Faili la plastiki limetupwa. Badala yake kuna daftari la kurasa 40 lenye sheria moja: huandiki kabla hujafanya. Jumamosi iliyopita nilikuta binti ameandika, "Saa nane usiku sikumgeuza, nililala." Nilitamani kumkumbatia. Huo ndo mstari wa kwanza wa kweli kuandikwa juu ya bibi yangu tangu mwezi wa nne.

Haya, nina kipindi. Na leo nasaini mwenyewe.

Nawasilisha.