Mtoto Anabaki na Nani Matanga Yakishaanuliwa?

Asubuhi ya Machi 11, 2015, kontena lilichomoka kwenye lori na kuliangukia basi la Majinja lililokuwa limetoka Mbeya likielekea Dar es Salaam. Ilikuwa Changarawe, Mafinga, wilayani Mufindi, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Miaka kumi baadaye, Juni 7, 2025, ajali iliyohusisha magari kadhaa kwenye mlima wa Iwambi jijini Mbeya iliua watu 28. Barabara hii ya TANZAM ndiyo inayotoa mbao za Mufindi, mchele wa Mbarali na viazi vya Uporoto kwenda sokoni, na ndiyo inayotuachia wajane na yatima mwaka hadi mwaka.

Baada ya ajali za namna hiyo tunahesabu waliokufa na majeruhi. Viongozi wanafika, magazeti yanaandika, majina yanasomwa redioni. Sijapata kuona orodha ya watoto walioachwa, na sidhani kama kuna anayeiuliza.

Si kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini ni wagumu wa kutoa. Kifo kikitokea mtaani Mwanjelwa au kijijini Kilolo, kabla ya jua kuzama turubai limeshafungwa, viti vimeshakopwa kanisani, kina mama wameshaleta kuni na unga, na mzee mmoja anayeaminika ameshafungua daftari la rambirambi. Vijana wanachimba kaburi bila kulipwa. Hata familia isiyopatana na majirani huzikiwa. Huo ni utaratibu mkubwa wa hifadhi ya jamii, unaojiendesha wenyewe, na hakuna mfadhili aliyeubuni.

Ila tazama fedha za daftari lile zinakokwenda: jeneza, usafiri wa mwili, chakula cha waombolezaji, saruji ya kaburi. Zikibaki, anakabidhiwa mjane au kaka wa marehemu. Siku ya tatu au ya nne matanga yanaanuliwa, turubai linateremshwa, kila mtu anarudi shambani au dukani kwake. Kwa mtu mzima huo ndio mwanzo wa kupata nafuu. Mtoto, kwa upande wake, alikuwa amezungukwa na binamu, vyakula na kelele, pengine alicheza. Msiba wake unaanza nyumba inapokuwa kimya, na wakati huo hakuna tena kamati.

Wanaofanya kazi na watoto wanaijua hali hii vizuri. Mtoto wa miaka minne au mitano hajui kwamba kifo hakirudishi mtu. Akiambiwa mama amesafiri, anamsubiri, na akiambiwa baba amelala, anaogopa kulala. Mtoto wa miaka minane au tisa hutafuta sababu, na mara nyingi sababu anayoipata ni yeye mwenyewe: nilimkasirisha, sikumpelekea maji, nilimtamkia neno baya. Huku kwetu mzigo huo huongezeka kwa sababu msiba haukosi minong'ono ya uchawi. Mtoto analala chumba kimoja na bibi yake huku amesikia ukutani kwamba bibi huyo ndiye aliyemmaliza mwanawe. Naye kijana wa miaka 14 anapigwa bega na wajomba: “Usilie, mwanangu, wewe ndiye baba wa nyumba sasa.” Wanasema kwa upendo. Yeye anayasikia kama amri, anaacha kulia, na baada ya miezi michache mwalimu anamwandika kuwa mtoro.

Kisha kunafuata kikao cha ukoo, na kwa maoni yangu hapo ndipo madhara makubwa hutokea. Watoto wanne wanagawanywa: mmoja kwa shangazi Makambako, wawili kwa mjomba Tunduma, mdogo kwa bibi. Sababu ni za kweli, maana hakuna kaya moja yenye uwezo wa kuwalisha wote. Lakini mtoto aliyempoteza mama Jumatatu anawapoteza ndugu zake Jumamosi, na hakuna aliyemuuliza chochote. Kwa wasichana wa Iringa kuna njia nyingine ambayo kila mtu anaifahamu, ya kupandishwa basi kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Si wote wanaokwenda ni yatima, lakini kifo cha mzazi ni miongoni mwa mambo yanayowasukuma huko mapema.

Mikoa hii ina historia nzito. Utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, kuwa asilimia 15.7 ya watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na zimeokoa wazazi wengi. Hata hivyo utafiti wa 2022 na 2023 bado umeikuta Njombe ikiwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, ilhali wastani wa taifa ni 4.4. Watoto waliozika wazazi wao Makete na Ludewa katika miaka ile migumu leo ni wazazi. Wengi hawakuwahi kukaa na mtu mzima aliyewauliza walivyojisikia, na sasa wanalea.

Ndiyo maana naunga mkono wazo la vituo vya faraja kwa watoto waliofiwa na familia zao. Nieleze ninachomaanisha, kwa kuwa neno kituo limetuzoeza kufikiria mabweni. Nyumba za kulelea yatima tunazo, kama ile ya masista kule Tosamaganga, na wapo watoto wachanga ambao bila nyumba hizo wasingeishi. Lipo pia Ilula Orphan Program, wilayani Kilolo, ambalo limesomesha yatima kwa miaka mingi. Kituo cha faraja ni mahali pa kwenda na kurudi. Mtoto anaishi kwa ndugu zake, na mara moja kwa wiki anakutana na watoto wengine waliofiwa, kwa miezi mitatu au minne, chini ya watu wazima waliofundishwa. Wanachora, wanacheza, wanamsimulia marehemu, wanauliza maswali ambayo nyumbani hayaulizwi. Katika chumba cha pili bibi, shangazi au mjane anayewalea anakaa na wenzake. Mfano unaotajwa sana duniani ni Dougy Center ya Portland, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1982. Sisi tunao wa karibu zaidi. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulianza mwaka 1997 kwa kuwafundisha walimu na walezi kuyatambua majonzi ya watoto, na baadaye yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara. Nchini Uganda, kina mama wa chama cha NACWOLA walioishi na VVU walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye picha, majina ya mababu na habari za ukoo, ili mtoto asibaki bila chanzo.

Pingamizi linalonigusa zaidi husemwa na maskini wenyewe: mtoto hana sare, hana daftari, analala na njaa, na wewe unamletea rangi za kuchorea? Ni swali la haki. Jibu zuri nalipata Nshamba ileile, ambako mradi wa Kwa Wazee, ulioanza 2003, uliamua kuwapa bibi na babu wanaolea wajukuu fedha taslimu kidogo kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilibeba katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule. Bibi asiyejua jioni atapika nini hana nafasi moyoni ya kumsikiliza mjukuu. Kituo kisichomwuliza mlezi habari za chakula, kisichomsaidia kufika TASAF au kwa afisa ustawi wa jamii, kitakuwa kinacheza.

Wengine husema kwamba kulizungumza jambo la kifo na mtoto ni uzungu. Hapa historia ya Rungwe inatoa ushahidi tofauti. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya mazishi yao: wanawake wakilia kwa sauti, wanaume wakicheza ngoma ya kivita ili huzuni itoke mwilini, na taratibu nyingine zikiendelea siku nyingi baada ya kuzika. Wazee wale waliamini kwamba huzuni inahitaji kazi kufanywa juu yake, tena mbele ya watu na kwa muda. Sisi ndio tuliofupisha. Miaka ya UKIMWI, mazishi yalipofuatana wiki kwa wiki, hakuna kijiji kilichomudu matanga marefu, na kupunguza siku kulikuwa busara. Lakini baada ya kuzipunguza hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Lipo pingamizi la tatu ambalo wapenzi wa vituo hawapendi kulitaja: je, vinasaidia kweli? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi hapa kwetu na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na wenye dalili za kuumia kiakili. Nusu walipata vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto mmoja mmoja, vikiendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa, wasio wataalamu wa saikolojia. Nusu nyingine walipata misaada ya kawaida ya yatima. Mwisho wa vikao, watoto wa Bungoma, mjini na vijijini, na wale wa vijijini Moshi walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wenzao. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja faida ilidumu Kenya, lakini kwa Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamefikia nafuu inayolingana.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo na kusema basi, waacheni, watapona. Mimi nayasoma hivi. Kwanza, jirani na mwalimu wa Kitanzania wanafanya kazi kubwa kuliko tunavyowapa sifa, na kituo kinachotaka kuchukua nafasi yao kitakosea. Lakini kwa mtoto wa kijijini, nafuu iliyopatikana baada ya miezi michache badala ya mwaka ni mtihani wa darasa la saba aliofanya akiwa na akili yake. Na kubwa zaidi ni kwamba kazi hii iliwezwa na watu wa mtaani. Mikoa isiyo na wanasaikolojia wa kutosha haina sababu ya kusubiri hadi iwe nao.

Fedha, basi. Kwa miaka 20 kazi nyingi za yatima katika mikoa hii zilibebwa na mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Rais Donald Trump alisitisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Jambo lililotegemea bajeti ya nchi nyingine lilisimama kwa saini moja. Sitaki kituo cha faraja kijengwe juu ya msingi huo tena. Tuseme mtaa wenye kaya 400 unakubaliana kila kaya itoe shilingi 500 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 200,000. Zinatosha nauli na posho ndogo ya walezi wawili wa kujitolea, uji, sukari, karatasi na rangi. Au kila kamati ya msiba itenge sehemu ndogo ya rambirambi kabla ya fedha kukabidhiwa familia, na mweka hazina aisome hadharani kama anavyosoma bei ya jeneza. Jengo halihitajiki. Ukumbi wa usharika wa KKKT au Moravian, madrasa au darasa la shule ya msingi huwa wazi Jumamosi mchana.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya ukarimu wetu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Afisa ustawi mmoja anayehudumia kata nyingi hawezi kuendesha vikao, lakini anaweza kusimamia, kupokea watoto wenye hali nzito na kuwafikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Na kikao cha ukoo kinapogawa watoto, awepo, au amtume mtu.

Mambo mengine nayataka yaandikwe kabla mtoto wa kwanza hajafika. Watu wazima wawili chumbani, daima. Hakuna picha ya mtoto anayelia kwa ajili ya wafadhili, na hakuna wageni wa wiki mbili wanaokuja kuwakumbatia watoto kisha kuondoka, maana hawa wameshaachwa mara moja. Anachosema mtoto hakitoki nje ila pale ambapo yuko hatarini, na mlezi ajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Chuo Kikuu cha Iringa kinafundisha shahada ya ushauri wa kisaikolojia, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Kata moja ya Manispaa ya Iringa na moja ya Jiji la Mbeya zingeweza kuanza na vikundi viwili vya watoto kumi kumi, na baada ya muhula mmoja zikawaita wazazi, walimu na wenyeviti wa mitaa wasomewe kilichoonekana, pamoja na daftari la matumizi.